Ndani Kuna Nini?

Somo la juma hili: Yeremia 36:20–32

Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba 2025, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilifanya jambo ambalo mwenye akili hulifanya Jumatatu asubuhi. Mahubiri ya kesho yake yalikuwa tayari, chai iko mezani, ofisi ya kanisa imetulia, na kompyuta yetu ilikuwa imenisumbua juma zima kwa tangazo lile lile: Windows 10 itaacha kupata matunzo ya bure tarehe 14 Oktoba, kwa hiyo hamia toleo jipya. Zimebaki siku tatu. Nikasema nilimalize jambo hili leo, kesho niingie ibadani moyo mweupe.

Niungame yote mapema, maana katika kisa hiki sina wa kumsingizia. Kompyuta ile ni ya mwaka 2014, tulipewa na ndugu waliokuwa wakibadilisha zao. Windows 11 inadai mashine iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na yetu haikuwa nayo. Yenyewe ilikwisha kuniambia kwamba haifai. Kijana mmoja wa kwaya akanionyesha namna ya kuupita ukaguzi kwa mlango wa nyuma, nami nikapita. Betri ilikufa siku nyingi, mashine inaishi kwa waya wa ukutani kama mgonjwa wa dripu. Na nakala ya kazi zetu sikuwa nimeitoa tangu Machi. Nimehubiri mara ngapi juu ya divai mpya na viriba vikuukuu! Siku hiyo nikaimimina kwa mkono wangu mwenyewe.

Asilimia zikaanza kupanda. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikaendelea kuhesabu. Ilipofika 64 nikaenda kuosha kikombe, na nikiwa bado na sabuni vidoleni, umeme ukakatika. Haikuchukua muda, labda dakika nne. Uliporudi watoto wa mtaani wakashangilia kama kawaida yao. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cheusi chenye kistari kimoja cheupe kinachopepesa kwenye kona ya juu, mkono wa kushoto, kama mtu anayetaka kusema neno na amelisahau la kwanza.

Nikabonyeza kitufe. Nikazima, nikawasha. Nikazima tena. Nikaomba, kisha nikawasha. Nadhani Mungu alinisikia, ila alikuwa na mpango wa kunipeleka kwa fundi.

Msiofika ofisini kwetu mara kwa mara hamjui kilichokuwamo. Mpaka mwaka 2023 daftari la kanisa lilikuwa vitabu vikubwa vya jalada gumu: ubatizo, ndoa, watoto waliowekwa wakfu, mfuko wa wajane. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha namna ambayo hakuna kati yetu atakayeisahau. Mto Sebeya ukatoka kwenye kingo zake. Zaidi ya watu 130 walikufa nchini Rwanda, wengi wao katika mkoa wetu huu wa Magharibi, na baadhi yao tuliwazika sisi. Baada ya mazishi ndipo tulipokumbuka vitabu. Vilikuwa vimekaa kwenye tope siku mbili. Katibu wetu alizibandua kurasa moja moja kwa kisu cha jikoni, akazianika juu ya bati, kila ukurasa na jiwe lake. Palipoandikwa kwa kalamu ya wino wa maji, majina yalikuwa yamegeuka mawingu ya bluu. Palipoandikwa kwa biki, yalisomeka. Kwa miezi mitano alikaa akiyaingiza kwenye kompyuta, akiuliza huyu ni nani, yule alibatizwa na nani. Alipomaliza tukajipongeza: mto hautatufikia tena.

Sasa mto haukutufikia. Niliufikia mimi.

Jumatatu niliipeleka mashine kwa fundi mmoja mjini. Akaiwasha, akakitazama kile kistari, akatikisa kichwa. "Pasta, hii tunapiga fomati, tunaweka windo upya. Nusu saa unaondoka nayo."

"Na vitu vilivyomo?"

"Vitu ndiyo vimekwenda hivyo."

Nakiri nilivutiwa. Bei ilikuwa ndogo, nusu saa si kitu, na ningerudi ofisini na mashine inayong'aa, safi, isiyo na kumbukumbu ya Jumamosi. Mtu aliyeharibu jambo hutamani sana kufuta ushahidi. Ningemwambia katibu kwamba ni umeme, naye angeamini, kwa sababu umeme ulikatika kweli. Kilichonizuia ni ile miezi mitano yake. Nikafunga mashine mkobani, nikashuka hadi mtaa wa Mbugangari, kwa kijana ambaye mke wangu alisikia habari zake sokoni.

Kibanda chake kiko upande wa kwenda mpakani Petite Barrière, njia ile ambayo tangu alfajiri ina miguu ya watu waendao Goma na nyanya, vitunguu, maziwa, na jioni ina miguu ile ile ikirudi. Ni chumba cha hatua nne kwa tatu. Simu zilizofunuliwa matumbo zimepangwa kwenye sahani ya chai, mswala umekunjwa juu ya kabati, feni inazunguka bila kifuniko. Alinipa kiti chake, yeye akasimama.

"Pole, Pasta. Ndani kuna nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya asilimia 64. Akanikatiza kwa adabu. "Iliyoharibika nitaiona mwenyewe, mzee wangu. Nauliza, ndani kuna nini?"

Nimekuwa mchungaji kwa miaka mingi, na sikumbuki kama nimewahi kumpokea mtu aliyeanguka kwa swali zuri kama lile. Sisi huanza na lini, na nani, mara ngapi, nani alikuona. Tunataka tujue asilimia ilifika ngapi.

Mji wetu huu wa Rubavu umewahi kuulizwa swali hilo usiku mmoja, mji mzima kwa pamoja. Mnaukumbuka mkesha wa Pentekoste mwaka 2021, Jumamosi ya tarehe 22 Mei, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na mbingu upande wa Goma ikawa nyekundu kama jiko la mkaa. Asubuhi yake nilitakiwa kuhubiri juu ya ndimi za moto! Watu walivuka mpaka usiku ule kwa maelfu, na siku chache baadaye, serikali ya kule ilipoamuru mitaa kadhaa ihamwe, wakaja tena, huku ardhi ikitetemeka chini yetu na kuta za nyumba zetu zikipasuka. Walilala kwenye sakafu ya kanisa. Nilipita kati yao na taa nikitazama walichobeba, maana mtu mwenye dakika tano za kuondoka hujibu kwa mikono yake kwamba nyumbani kwake kuna nini. Godoro. Sufuria iliyokuwa na maharage bado. Mashine ya kushonea, kichwani. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na bahasha ya kaki kifuani, ndani ya nguo, na alipolala aliilalia. Vyeti, aliniambia. Vya kuzaliwa, vya shule, na kile cha mume wake aliyefariki. "Nyumba watanijengea wengine, Pasta. Vyeti hivi nani ataniandikia?"

Turudi kibandani. Swali la pili la fundi lilikuwa: umeiwasha mara ngapi tangu izime? Nikasema mara mbili. Akaninyamazia. Nikasema labda kumi. "Basi usiiwashe tena," akasema, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanifundisha. Kitu ukikifuta kwenye diski, hakiondoki. Kinachofutwa ni jina lake kwenye orodha, kama unavyokata jina la mpangaji kwenye daftari naye angali chumbani. Atakaa humo mpaka siku mwenye nyumba amwingize mpangaji mwingine juu ya kitanda kile kile. Hapo ndipo anapotea kweli. Kila ninapowasha, mashine inaandika vijambo vyake vidogo huku na huku, na hakuna ajuaye itamkanyaga nani. Na ile fomati ya nusu saa? Isingefuta sana, akasema, ila mfumo mpya utakaowekwa baada yake ungekuja na mizigo yake yote kukaa juu ya majina yenu.

"Na hii haijafa," akaongeza. "Imepoteza pa kuanzia."

Hapo nilimwomba anieleze polepole, kwa kuwa nilihisi mahubiri yanapita. Kompyuta ikiwashwa haijui chochote, hata jina lake. Kuna programu ndogo sana ndani ya ubao wake inayoamka kwanza, nayo kazi yake ni kwenda mahali fulani kwenye diski kumtafuta programu mwenzake. Huyo anamjua mwingine mkubwa kidogo, naye anamwamsha mwingine, mpaka nyumba nzima inaamka na wewe unaiona picha ya maua kwenye kioo. Upandishaji wangu ulikatwa katikati ya kuhamisha alama hizo. Wa kwanza aliamka, akaenda mahali alipozoea, hakumkuta mtu. Kistari kinapepesa. Vyumba vipo, vyombo vipo, watu wamelala ndani, ila wa kufungua mlango hajulikani alipo.

Ndugu zangu, nawajua watu wangapi waliokaa nyuma ya kistari hicho? Tunasema amekufa kiroho, huyo. Hajaja ibadani mwaka mzima. Naye ndani yake zimelala zaburi alizofundishwa na bibi yake, zimelala nyimbo za kwaya sauti zote nne, imelala sala aliyoisema siku mtoto wake alipopona. Ila alama ya kwanza imepotea. Hajui aanze kwa kumsalimu nani.

Kisha fundi akatoa flashi ndogo, nyekundu, imefungwa uzi ili isipotee, akaichomeka. Akabonyeza funguo mbili tatu, na ile mashine iliyokuwa maiti ikafunguka na kutoa rangi. Nikaruka. "Tulia, Pasta. Haijapona. Hii ni Ubuntu, inakaa kwenye flashi. Inaazima nguvu za mashine yako, ila diski yako haijaigusa. Sasa ndiyo tunaweza kuingia ndani na kutazama, bila kukanyaga mtu."

Wasomaji wetu wa Kinyarwanda wamekwisha kucheka, na waliotoka Goma wataeleweshwa na majirani. Ubuntu ni mfumo endeshi uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, na tangu siku hiyo hautozwi kitu. Miaka ya mwanzo waliutuma kwa posta, kwenye sidii, kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Kule kusini neno hilo lina maana ya utu, ule ambao Askofu Mkuu Desmond Tutu aliueleza kwa ulimwengu. Sisi wa Rwanda utu tunauita ubumuntu. Ubuntu kwetu ni ukarimu, na kitu cha ku buntu ni kitu cha bure. Na katika Biblia ya Kinyarwanda, pale ambapo Waswahili wanasoma neema, sisi tunasoma ubuntu. Mmesikia? Mashine ya kanisa imekufa kwa haraka ya mchungaji, na Mwislamu kijana wa Mbugangari anaifungua kwa ubuntu, kisha ananiuliza kama nimeelewa. Nilielewa kuliko alivyodhani. Nikamwambia kwamba huko kwetu kuna waraka mzima unaosema hivyo, kwa Waefeso. Akacheka. "Ubuntu ni bure, Pasta. Mikono yangu si bure. Utanipa elfu kumi." Nikampa, na ilikuwa halali yake.

Ndani tukaikuta folda iitwayo Windows.old. Mfumo mpya kabla ya kuingia ulikuwa umemsogeza mzee wa zamani pembeni, na vyombo vyake vyote, ukambandika jina la uzee. Kwa kawaida mzee huyo huwekewa siku kumi. Usipomhitaji katika siku hizo, anaondolewa. Siku ile ilikuwa ya pili. Fundi akafungua folda ndani ya folda, na ghafla nikaona maandishi ya katibu wetu: Ubatizo 1998. Ubatizo 1999. Wajane, robo ya kwanza. Nilipangusa macho nikijidai ni vumbi, na kibandani vumbi lilikuwapo.

Kunakili kulichukua saa tatu. Diski ni ile ya kuzunguka, ya zamani, na ina vidonda. Ikifika kwenye kidonda inatoa sauti ya tik, tik, kama mtu anayejaribu kiberiti kilicholowa, na mstari wa kijani unasimama. Mara nyingi iliendelea. Tukinywa chai ya tangawizi, kijana akanisimulia habari ya tarehe 19 Julai 2024, ambayo baadhi yenu mliisikia. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kosa, na mashine zipatazo milioni 8.5 duniani zikagoma kuwaka. Ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kosa lenyewe lilisahihishwa kwa muda wa saa moja na kitu. Ila mashine iliyokwisha kuanguka haiwezi kulisikia sahihisho. Kwa nyingi ilibidi mtu aende, akae mbele yake, aiwashe kwa njia ya dharura, afute faili moja, aiwashe tena. Kisha ile ya jirani yake. Mafundi wa viwanja vya ndege walipanda ngazi kuzifikia zile zilizotundikwa darini. "Kuanguka zilianguka zote pamoja," kijana akasema, "kuinuka ikawa moja moja."

Nimeliandika neno hilo kwenye jalada la Biblia yangu. Tangu Januari mwaka huu tunapanga mkutano mkubwa wa uamsho uwanjani, spika, mahema, mhubiri kutoka mbali. Sitaupinga. Nauliza tu ni nani atakayekwenda kwa wale kumi na saba ambao orodha ya ziara inaonyesha hawajatembelewa tangu Pasaka, na ambao hata spika zikipigwa mpaka Rubona hawawezi kusikia.

Petro aliinuliwa hivyo hivyo, peke yake. Yohana anasema kulikuwa na moto wa makaa ufukweni na samaki juu yake, na moto wa makaa katika Injili hiyo uko mara mbili tu: pale uani Petro alipokana, na hapa. Yesu hakumrudisha kwenye asilimia 64. Hakumuuliza habari ya kijakazi wala jogoo. Alimuuliza mara tatu kama anampenda. Ndani kuna nini, Simoni wa Yohana? Na hakumpiga fomati. Alimwacha na kumbukumbu yake yote, tena mbele ya moto unaonukia kama ule wa usiku ule, akamkabidhi kondoo. Wazee wangu wa kanisa wanakumbuka mjadala wetu wa Septemba juu ya dada aliyerudi baada ya miaka sita, wengine wakitaka abatizwe upya, aanze darasa la kwanza, kama mtu asiyewahi kuwapo. Nilinyamaza siku ile kwa kuogopa maneno. Leo nasema: hapana. Alibatizwa. Atafutiwe jina lake.

Faili moja lilikataa. Mnalijua hata kabla sijasema, maana ndilo nililokuwa nimeliacha wazi nilipobonyeza kile kitufe: daftari lenyewe la mwaka huu. Tik, tik, tik, na mstari ukasimama. Fundi akajaribu njia nyingine, akatoa vipande: tarehe bila majina, majina yaliyokatwa vichwa. Nakala tuliyonayo inaishia Machi. Kwa hiyo kutoka Aprili mpaka tarehe 11 Oktoba kanisa letu, kwa mujibu wa kompyuta, halikubatiza mtu, halikufungisha ndoa, halikumzika mtu.

Sasa ndipo naweza kulifungua somo la juma hili. Yehoyakimu mfalme wa Yuda ameketi katika nyumba yake ya baridi, mwezi wa tisa, makaa yanawaka mbele yake. Anasomewa gombo ambalo Yeremia alilitamka na Baruku akaliandika kwa wino. Msomaji, Yehudi, akisoma safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi, anazitupa motoni. Safu tatu, kisu, moto, mpaka gombo zima linaisha. Watu watatu wanamsihi asilichome, mmoja wao Gemaria mwana wa Shafani, naye anajua anachokitetea: ni Shafani mwandishi aliyemsomea Yosia, baba wa mfalme huyu, kile kitabu cha torati kilichookotwa hekaluni. Yosia alipokisikia alirarua nguo zake. Katika Kiebrania neno ni lile lile: baba alirarua nguo, mwana akararua kitabu.

Tazameni basi Mungu alivyolipokea jambo hilo. Majivu hayakukusanyika kuwa gombo tena. Yeye aliyefanya fimbo ya Haruni ichipuke hakuona sababu ya muujiza hapa. Alisema chukua gombo lingine uandike maneno yote ya lile la kwanza. Wakaketi wawili, mafichoni, mmoja akikumbuka kwa kinywa na mwingine akiandika kwa mkono, safu kwa safu. Sijui kama kuna kazi ya kuchosha kuliko kuandika mara ya pili ulichokwisha kuandika vizuri. Katibu wetu anaijua. Nchi hii pia inaijua, iliyowaandika wafu wake kwa vinywa vya waliosalia, na hapo sitaongeza neno.

Sura inamalizika kwa kusema kwamba yaliongezwa maneno mengine mengi kama yale. Kisu cha Yehoyakimu kilikata safu tatu tatu, na gombo likatoka motoni refu kuliko lilivyoingia. Kitabu cha Yeremia tunachokishika leo kimetoka kwenye lile la pili.

Nilimwambia katibu ukweli wote Jumanne: betri, mlango wa nyuma, nakala ya Machi, na jinsi nilivyotaka kumwambia ni umeme. Alinitazama kitambo. Kisha akauliza kama kile kisu cha jikoni tutakihitaji tena. Nimesamehewa, nadhani.

Kompyuta imerudi ofisini. Haikulazimishwa tena kuvaa nguo isiyo ya saizi yake. Sasa inaendeshwa na Ubuntu, na ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Nakala zitatolewa kila Ijumaa, mbili: flashi moja kwa katibu, ya pili kwa mzee wa kanisa anayeishi kilimani, mbali na mto. Mimi nimekatazwa kubonyeza kitu siku ya Jumamosi.

Kilichobaki ni chenu. Kila aliyebatizwa, aliyefunga ndoa, aliyeweka mtoto wakfu au aliyefiwa kati ya Aprili na Oktoba mwaka huu, aje ofisini Jumanne au Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita mchana. Leta kadi. Huna kadi, leta picha iliyomo kwenye simu yako, maana wengi mlipiga picha Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni, pale ziwani. Huna picha, njoo na mtu aliyekuwa amesimama karibu nawe majini. Katibu ameongeza safu moja mpya kwenye daftari, ambayo la zamani halikuwa nayo: nani alikuleta kwa Kristo, na kwa njia gani. Mje mmejiandaa kuijibu.

Katika vipande alivyovitoa fundi, orodha ya siku ile ya ziwani ina mstari wa tatu uliokatika. Zimebaki herufi tatu, Uwi, na majina yanayoanza hivyo hapa Rubavu hayahesabiki. Kama ni lako, njoo.